Utulivu wa Masisi

Ukizipanga taarifa za habari kutoka Masisi na Walikale, za karibuni juu na za mwaka 2007 chini, utakutana na sentensi moja isiyozeeka: hali ni tulivu. Mara nyingine huandikwa kwamba utulivu umerejea, au hali ni shwari, au kuna utulivu uliojaa wasiwasi. Mahali pake hapabadiliki sana. Kwanza huja mapigano: nani na nani, kilima gani, nyumba ngapi zimechomwa. Hufuata hesabu ya waliokimbia, ambayo kila anayehojiwa ana yake. Mwishoni huja utulivu, na msomaji wa Mwanza au Mombasa akifika hapo hushusha pumzi na kufunua ukurasa wa michezo.

Nimelifuata neno hilo katika taarifa za miaka mingi, na kadiri ninavyolifuata ndivyo ninavyoamini kwamba katika wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini limebebeshwa kazi isiyo yake. Halisemi watu wanaishije. Linasema kwamba bunduki hazisikiki pale mwandishi alipopiga simu, saa ile aliyopiga. Lingekuwa kosa dogo kama lingeishia gazetini, lakini haliishii hapo. Utulivu ukishatangazwa, kambi hufungwa, malori ya chakula huelekezwa kwingine, na mama aliyelala chini ya turubai kwa miezi huanza kuulizwa kwa nini hajarudi kwao.

Kwa asiyepajua huko: Masisi ni nchi ya milima ya malisho magharibi mwa Goma. Inaanzia Sake, karibu na maji ya Ziwa Kivu, na kupanda hadi kwenye majani mabichi yenye ng'ombe, mashamba ya viazi na maharage, na jibini linaloteremshwa kwenda kuuzwa mjini. Walikale iko mbele yake, milima inaposhuka na kuwa msitu. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote jimboni, na barabara zake ni chache kiasi kwamba kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara pale Kilambo kuja kuchukua mawe ya bati yaliyochimbwa Bisie, magari na waenda kwa miguu wakisubiri pembeni zipite. Watanzania walianza kulisikia jina la Sake mara kwa mara mwaka 2024, wakati kikosi cha SADC chenye askari wetu ndani yake kilipokuwa upande huo. Aprili mwaka ule kombora liliua askari 3 wa Tanzania huko mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo habari za Masisi si habari za mbali kwetu, na neno linalotumika kuzifunga lina haki ya kukaguliwa.

Desemba 2007 inatosha kuonyesha neno hili linavyofanya kazi. Mapema mwezi ule jeshi la serikali liliuteka Mushake, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi, kutoka mikononi mwa wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda. Milio ikakoma. Hazikupita wiki mbili, wapiganaji wa Nkunda wakaurudisha. Milio ikakoma tena. Kwa aliyeko Goma, kusema Mushake ni tulivu kulikuwa kweli mara zote mbili. Lakini katikati ya utulivu wa kwanza na utulivu wa pili kuna watu waliokimbia, wakarudi kuangalia kilichobaki, wakakimbia tena. Hao hawana sentensi yao. Nafasi yao imejazwa na neno lilelile lililotumika mara mbili, kana kwamba utulivu wa jeshi hili na utulivu wa jeshi lile ni kitu kimoja kwa mtu ambaye lazima ajue leo anamsalimia nani barabarani.

Mwaka 2009 neno lenyewe liliingia jeshini. Januari mwaka ule majeshi ya Kongo na Rwanda yaliingia pamoja katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, kuwasaka FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda lenye mizizi kwa wale waliovuka mpaka baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Ilipokwisha Februari, nyingine ikaanza Machi, ikisaidiwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Hiyo ikaitwa Kimia II. Kimia ni Kilingala, lugha ya makambi ya jeshi la Kongo, na maana yake ni utulivu, ni amani. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Kimya chetu na kimia chao ni ndugu. Huko Kivu, mtu kuambiwa kwamba kwao kuko kimya ni habari njema.

Basi operesheni yenye jina la utulivu iliingia Walikale, na kilichofuata kimeandikwa vizuri. Mwishoni mwa Aprili 2009, katika kilima cha Shalio karibu na Busurungi, wanajeshi wa serikali waliwaua makumi ya wakimbizi wa Rwanda, wengi wao wanawake na watoto. FDLR wakalipiza, lakini hawakulipiza kwa wanajeshi peke yao. Usiku wa kuamkia 10 Mei walivamia Busurungi yenyewe, wakachoma nyumba zikiwa na watu ndani, wakakata wengine kwa panga. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu raia wasiopungua 96 waliouawa pale. Shirika hilohilo lilihesabu raia zaidi ya 1,400 waliouawa na pande zote katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, kati ya Januari na Septemba mwaka ule, ndani ya operesheni mbili zenye majina mazuri.

Nalitaja jina hilo kwa sababu lilifanya kazi kubwa katika taarifa za habari. Operesheni ikiitwa Kimia, kila kijiji inachokifikia kinahesabiwa kimetulizwa. Matangazo ya kijeshi ya mwaka ule yalisoma ramani kwa namna hiyo: eneo hili limesafishwa, eneo lile linasafishwa. Na hapo Goma, Septemba 2009, kambi nyingi za waliohama makwao, Mugunga, Bulengo, Buhimba na nyinginezo, zilibaki tupu ndani ya siku chache. Makumi ya maelfu ya watu walifunga virago kurudi Masisi na Rutshuru. Wapo waliotaka kurudi kwa hiari, maana shamba haliwezi kusubiri milele. Lakini walirudi katika mwaka uleule wa Busurungi, Kimia II ikiwa bado inaendelea. Habari ya kambi kufungwa ilisomwa kama habari ya mwisho wa vita, na waliorudi wakatoka kwenye hesabu za Goma bila kuingia kwenye hesabu za popote.

Mwaka uliofuata ukaja Luvungi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo upungufu wa neno utulivu unaonekana wazi kama hapa.

Luvungi ni kijiji cha Walikale, kwenye barabara inayotoka Kibua kwenda Mpofi. Kuanzia 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, kundi la wapiganaji wa FDLR, wa Mai Mai Sheka na waasi waliotoroka jeshini chini ya kanali mmoja walikalia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara hiyo, jumla vijiji 13. Hawakuja kupigana na mtu. Jeshi la serikali lilikuwa limeondoka kwenye barabara ile katika miezi iliyotangulia, na hapakuwa na wa kupigana naye. Walifunga njia, wakaingia nyumba moja baada ya nyingine usiku. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Nyumba 923 ziliporwa. Watu 116 walichukuliwa, wengi wakalazimishwa kubeba mizigo iliyoporwa.

Siku nne. Askari wa kulinda amani walikuwa na kambi Kibua, mwendo wa kilomita 20 hivi. Vijijini hakukuwa na mtandao wa simu. Hakukuwa na mizinga, hakukuwa na majeshi mawili yanayotupiana risasi kilima kwa kilima, hakukuwa na moshi wa kuonekana kwa mbali. Ukiipima barabara ya Kibua na Mpofi kwa kipimo ambacho taarifa zetu hupimia utulivu, siku zile nne ilikuwa tulivu. Dunia ilisikia kuelekea mwisho wa Agosti, waliotendewa wakiwa wameshaanza kufika kwenye vituo vya afya na kusimulia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa kawaida tunaisema methali hiyo kuhusu mtu anayenyamaza huku akipanga jambo. Luvungi waliokuwa kimya ni waathirika, kwa sababu hakuna aliyewawekea njia ya kupaza sauti. Baada ya aibu ile Umoja wa Mataifa ulianza kuweka watu wa kuunganisha vijiji na kambi zake, na namba za simu na redio za kutoa tahadhari. Ulikuwa ni ukiri kwamba kutosikia chochote kutoka kijijini si habari njema. Vyumba vya habari havikufanya mabadiliko ya namna hiyo. Tuliandika kuhusu Luvungi kwa hasira ya haki, kisha wiki chache baadaye tukarudi kwenye sentensi yetu.

Sheka mwenyewe, yaani Ntabo Ntaberi Sheka, aliendelea kutawala sehemu za Walikale kwa miaka mingine kadhaa. Alijisalimisha mwaka 2017, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na vipindi virefu ambavyo eneo lake lilihesabiwa kuwa limetulia, kwa maana kwamba hakuna aliyekuwa akimshambulia.

Na hilo linanileta kwenye aina ya utulivu ambao kwa maoni yangu ndio unaopotosha zaidi: utulivu wa kundi lililoshinda. Kundi la NDC-R, lililojitenga na Sheka likiongozwa na Guidon Shimiray, lilifika kuwa na eneo kubwa la Masisi na Walikale hadi lilipogawanyika mwaka 2020. Pinga, mji ulio mpakani mwa wilaya hizo mbili, ulikuwa wake. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi lilivyojiendesha: kila mtu mzima alilipa faranga 1,000 kwa mwezi, akapewa jetoni. Jetoni ni kikaratasi tu, chenye mhuri. Lakini mtu alikitunza kuliko kadi yake ya kupigia kura. Ulikwenda nacho shambani, ulikwenda nacho sokoni, na kwenye barieri, yaani ule mti au kamba iliyolazwa kukatiza njia, ulikitoa kabla hujaulizwa. Asiyekuwa nacho alifungwa au alilipa kwa nguvu za mwili wake.

Mwaka 2017 utafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ulihesabu barieri karibu 800 za kutoza watu katika Kivu mbili, nyingine za makundi ya waasi, nyingine za jeshi na za idara za serikali. Njia yenye barieri ambayo kila mtu analipa bila kubishana ni njia isiyo na milio. Hakuna wa kumpigia mwandishi simu usiku. Mwandishi akipiga mwenyewe na kuuliza kama kuna tukio, jibu ni kwamba hakuna tukio, na kweli hakuna. Kuna tozo tu. Nionavyo, njia hiyo haistahili kuitwa tulivu hata siku moja, na bado neno jingine la kuielezea halijapata nafasi katika taarifa zetu.

Rubaya ni mfano wa karibu zaidi. Mji huo wa Masisi una machimbo ya koltani yanayotoa takribani asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yaliyomo ndani ya simu niliyotumia kusoma nusu ya taarifa hizi. Waasi wa M23 waliuchukua mwishoni mwa Aprili 2024. Baada ya hapo Rubaya ikawa na shughuli: wachimbaji mashimoni, wabebaji njiani, magunia yakitoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 ilikuwa ikikusanya dola zipatazo 800,000 kwa mwezi kwa kutoza koltani, na kwamba madini hayo yalikuwa yakivushwa kwenda Rwanda. Utasoma kwamba biashara imerejea, na kusoma hivyo ni kusoma ukweli. Lakini ukweli huo ukikaa peke yake unamfanya msomaji aamini kwamba mchimbaji wa Rubaya amerudi kwenye maisha yake.

Nisiwaonee waandishi. Anayeituma sentensi hiyo mara nyingi ni mtu wa redio ndogo ya huko, anayelipwa kidogo au halipwi, na anayelala palepale anapopaandikia habari. Redio kadhaa za vijijini Masisi na Rutshuru zimeporwa, zimefungwa au zimelazimishwa kubadili matangazo katika vita hii iliyoanza upya mwishoni mwa 2021. Mwandishi akisema utulivu umerejea, hakuna kamanda atakayemgongea mlango. Akisema wanaume wa kijiji fulani wanachukuliwa usiku kwenda kubeba risasi, yupo atakayeuliza nani amesema. Kwa hiyo neno hili linamkinga anayelitamka, na sitamlaumu mtu kwa kujikinga. Lawama yangu ni kwetu tulio mbali, tulio salama, tunaolipokea neno hilo kama habari kamili na kulibandika kwenye kichwa cha habari.

Tena angalia vyanzo. Katika taarifa ya kawaida ya Masisi wanaozungumza ni watatu: msemaji wa jeshi, mkuu wa wilaya ambaye wenyewe humwita administrateta, na mwakilishi wa mashirika ya kiraia. Wa kwanza kazi yake ni kutangaza kwamba jeshi limedhibiti hali. Wa pili, kama mji wake umetekwa, anazungumza akiwa Goma, au tangu Januari 2025 akiwa mbali zaidi ya Goma. Wa tatu ndiye mara nyingi husema kweli, na ndiye mara nyingi hukimbia kwanza. Mkulima, muuguzi, mwalimu, mwenye chukudu, hao huhojiwa wakiwa kambini, wakishakuwa wakimbizi. Wakiwa kwao hawahojiwi, na ndio wanaojua kama kwao kumetulia.

Walikale, Machi 2025. Tarehe 18 marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikutana Doha na kutoa tamko la pamoja kuhusu kusitisha mapigano. Tarehe 19 M23 wakaingia Walikale mjini, mahali pa mbali zaidi upande wa magharibi kuliko walikowahi kufika. Tarehe 22 wakatangaza kwamba wataondoka kwa ajili ya amani. Hawakuondoka siku ile wala iliyofuata. Waliondoka 3 Aprili. Katika siku hizo za katikati milio ilipungua, na neno letu likarudi kazini. Lakini mji ulikuwa umebaki bila watu wake wengi. Wapo walioingia msituni, wapo walioshika njia ya kuelekea Kisangani, na mamia walijisitiri hospitalini kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Mji usio na watu hutulia wenyewe. Utulivu wa namna hiyo una jina lingine katika Kiswahili, ni ukiwa, na sijauona ukitajwa sana.

Wakati huohuo kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakisubiri kwa hamu neno utulivu litoke Walikale. Machimbo ya Bisie, ya kampuni ya Alphamin, hutoa takribani asilimia 6 ya bati ya dunia. Kampuni ilisimamisha kazi 13 Machi, wapiganaji walipokuwa wakikaribia, na bei ya bati ikapanda katika soko la London. Walipoondoka, kazi ikaanza kurejea hatua kwa hatua mwezi uleule wa Aprili. Kwa mfanyabiashara wa bati utulivu ulikuwa na maana kamili, inayopimika kwa tani na dola: njia ya mgodi inapitika au haipitiki. Sioni kosa katika hilo. Naona tu kwamba mnunuzi wa bati alipewa utulivu wenye vipimo, na mama wa Walikale akapewa ule usio na kipimo chochote.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Februari 2025, baada ya M23 kuuchukua Goma, kambi za pembeni mwa mji huo zilikuwa zimemwagwa tena, Bulengo na Lushagala zikiwemo. Mamia ya maelfu ya watu, wengi wa kutoka Masisi, waliambiwa kwamba vijiji vyao sasa ni salama, wakapewa siku chache wawe wameondoka. Mabanda yakabomolewa. Walioandika habari ile vizuri ni wale waliokwenda na watu hadi walikofika, wakakuta nyumba zimeng'olewa mabati, shamba limelimwa na mtu mwingine, na mahali pengine mabomu ambayo hayajalipuka yakiwa kwenye matuta. Hao walikuwa wachache. Wengi tuliandika kwamba watu wanarejea makwao, kama tulivyoandika Septemba 2009.

Sasa, kama si utulivu, tuandike nini? Jibu liko kwa watu wa huko wenyewe. Ukimuuliza mtu aliyetoka Nyabiondo kama kwao kumetulia, hatakujibu kwa ndiyo au hapana. Atakueleza kama soko limejaa siku yake ya soko, au wamekuja wanunuzi bila wauzaji. Atakueleza kama wanawake wanakwenda mashamba ya mbali au yale ya karibu na nyumba tu, maana shamba la mbali ndilo lenye chakula na ndilo lenye hatari. Atakuambia kama watoto wanalala ndani au bado wanalala porini na kurudi alfajiri. Atakuambia barieri ni ngapi kutoka kwake hadi Masisi mjini, zinashikiliwa na nani, na wiki hii wanachukua kiasi gani. Hizo ni habari. Zinathibitishika, zina namba ndani yake, na hazimlazimishi mwandishi kumtaja mtu wala kuchagua upande.

Chukua chukudu. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayotengenezwa kwa panga na tezo, inayobeba magunia ya makaa, viazi au kabichi kutoka milima ya Masisi kushuka Sake hadi Goma, mwenyewe akiwa amepiga goti moja juu yake kwenye mteremko na kuisukuma kwa bega kwenye mwinuko. Vijana wa chukudu wanajua hali ya barabara ile kuliko msemaji yeyote. Siku wakishuka wengi na mzigo mzito, njia imefunguka. Siku wakishuka wachache na mzigo mwepesi, kuna kitu, hata kama hakuna mlio. Siku wasiposhuka kabisa, bei ya viazi sokoni Virunga hupanda kabla habari haijafika redioni. Mwandishi aliyesimama Sake asubuhi moja na kuzihesabu chukudu ameshapata taarifa inayomshinda yule aliyepiga simu tatu.

Naomba pia utulivu upewe saa na mipaka. Kusema kuwa Masisi ni tulivu ni kusema juu ya nchi yenye milima mingi ambayo mingine haionani. Mweso inaweza kuwa na soko siku ambayo Nyabiondo inawaka. Tuseme kijiji gani, tangu saa ngapi, kwa mujibu wa nani, na huyo nani yuko wapi anapozungumza. Kama msemaji yuko kilomita 100 kutoka mahali anapopasemea, msomaji aambiwe. Jambo hili haligharimu chochote zaidi ya sentensi moja.

Haja ya uangalifu huu haiishii kwa msomaji wa Jumapili. Taarifa za zamani hufunguliwa tena. Busurungi ilifika mahakamani Stuttgart, Ujerumani, ambako mwaka 2015 kiongozi wa FDLR aliyekuwa akiishi nchini humo, Ignace Murwanashyaka, alihukumiwa miaka 13. Rufaa ilibatilisha sehemu ya hukumu, naye akafariki mwaka 2019. Luvungi ilifika Goma katika kesi ya Sheka. Katika kesi kama hizo watu hubishania siku na kijiji: nani alikuwa wapi, nini kilijulikana, na lini. Kipande cha gazeti kinachosema eneo lote lilikuwa tulivu wiki ile hakiwezi kumsaidia mwanamke wa Luvungi, na kinaweza kumfaa wakili wa upande wa pili.

Wahariri wa Dar es Salaam, Nairobi na Goma wana uwezo wa kulibadilisha jambo hili bila kusubiri amani wala bajeti mpya. Sentensi ya utulivu ikifika mezani, irudishwe kwa aliyeituma pamoja na vocha ya simu mbili zaidi: moja kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, aseme wiki hii amepokea nani na wametoka wapi, na moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aseme asubuhi ile ameita majina mangapi na yameitika mangapi.